Panya wako jike ana kifua? Mambo ya kuangalia mbele ya kumtoa kizazi

Bon, tuanze na ile kitu wengi wanapenda kusikia na siyo kweli: kumtoa panya kizazi hakuponyeshi kifua. Mbele ya kuuliza bei ya operasyo, mbele ya kuanza kutafuta dokta, jiulize unataka hiyo operasyo ikuletee nini, juu kama jibu lako ni "aache kupiga chafya na kukorota usiku" basi funga mazungumzo palepale, tumbo litapasuliwa na chafya zitabaki.

Lakini kifua na kizazi vinaingiliana kuliko vile mtu anafikiri. Mdudu mwenye kusumbua mapafu ya panya wa kufugwa mara nyingi ni Mycoplasma pulmonis, na karibu kila panya wa nyumbani iko naye, anamrithi kwa mama yake toka utoto, mdudu anakaa kimya mu pua miezi na miezi halafu siku vumbi ao baridi ao uzee vinamshika panya njo anaamka. Haishagi. Dawa inamtuliza tu, haimfukuzi. Na huyuhuyu mdudu anashukaka mpaka mu kizazi, anakivimbisha, wakati mwingine kinajaa usaha kabisa. Mdudu mmoja, nyumba zake mbili. Kwa hiyo jike mwenye kifua cha siku nyingi iko na sababu ya kutolewa kizazi na palepale iko na sababu ya kuogopa usingizi wa operasyo, njo maana hii hesabu ni ngumu na mtu akikujibia haraka haraka ndiyo ao hapana bila kumsikiliza panya, usimfuate.

Operasyo inakupa nini basi? Kubwa ni vivimbe. Jike akianza kuzeeka anaotaka uvimbe wa maziwa, na nyama ya maziwa ya panya inaanzia chini ya shingo inafika mpaka kwenye mapaja, kwa hiyo usishangae kuona nundu kwapani ao pembeni ya shingo. Mingi siyo kansa ya kusambaa, ila inakua mpaka panya anaburuta nundu kubwa sawa kichwa chake. Maabara walishalinganisha panya wa aina ya Sprague-Dawley: karibu nusu ya majike walioachwa na ovari (mifuko ya mayai, nayo inatolewa pamoja na kizazi) walipata uvimbe wa maziwa, na wale waliotolewa ovari wakiwa na siku 90 ilikuwa karibu asilimia 4 tu, na uvimbe wa pituitari, ile tezi ya chini ya ubongo, nao ulishuka vilevile. Ni panya wa maabara, siyo wa kwako wa Katuba ao Kampemba hapa Lubumbashi, lakini tofauti ni kubwa mno ya kuipuuza. Sasa angalia umri: faida hiyo ni ya panya mdogo, miezi 3 mpaka 6 hivi. Panya anaishi miaka 2, akibahatika 3. Wa mwaka na nusu ambaye kifua kinamsumbua kila mwezi, mimi singemfungua tumbo kwa ajili ya kuzuia kitu ambacho labda hatafika kukiona.

Na kama shida yako ni watoto tu, juu uko na dume na jike mu kaji (kizimba) moja, basi mpasue dume. Kuhasi dume ni kazi fupi, kisu hakiingii ndani sana, usingizi ni wa dakika kidogo. Naye bila shaka iko na mdudu, kwa hiyo chagua mwenye kifua kizuri kati yao. Baada ya hapo wakae mbali wiki kadhaa, mbegu zinabaki ndani, usiwarudishe siku ya pili ukifikiri yote imekwisha. Wakati unangoja, kaji mbili, bila mchezo: mimba ni siku 21 mpaka 23 na jike anaweza kushika nyingine siku ileile amezaa.

Tuje kwa kifua chenyewe, hapa njo pa kukaa sana. Kuna panya wa chafya na kuna panya wa mapafu, na hawa wawili hawapewi jibu moja. Mshike panya vizuri kwa mikono miwili, ubavu wake uupeleke ku sikio lako, zima redio, subiri atulie. Mapafu mazuri hausikii kitu, unasikia tu moyo unakimbia na hewa laini. Ukisikia kama karatasi inakunjwa, ao filimbi nyembamba, ao mlio kama njiwa, hiyo imeshashuka chini. Fanya hivyo asubuhi na jioni siku kadhaa na uandike, juu panya anaweza kuwa kimya asubuhi na kukorota usiku. Halafu akilala mchukue video na simu, hesabu pumzi kwa sekunde 15 uzidishe mara 4. Aliyetulia anapumua mara 70 mpaka 115 kwa dakika. Angalia pia mbavu: kama tumbo linaingia ndani kila pumzi, kama anakaa ameinama manyoya yamesimama, kama anafungua mdomo kupata hewa, hapo hakuna mambo ya operasyo ya kuchagua, hapo ni ya kutibu leo. Panya anapumuaka kwa pua, ukimuona amefungua mdomo ujue ameishiwa. Zile machozi nyekundu kwenye macho na pua siyo damu, ni porfirini, rangi inayotoka kwa tezi ya jicho panya akisumbuka, kidogo asubuhi siyo neno, ikitoka kutwa nzima iandike.

Mizani pia. Ya jikoni inatosha, mara moja kwa wiki. Jike mkubwa iko na gramu 250 mpaka 350, sasa wa gramu 300 akipoteza 30 ni kama mtu wa kilo 70 kupoteza kilo 7, usiseme ni kidogo. Panya anayepungua hapelekwi kupasuliwa.

Sasa hewa ya nyumba. Watu wanakimbilia dawa na kaji iko jikoni pembeni ya mbabula, jiko la makala (makaa). Moshi wa makala unachoma njia ya pumzi, na mkojo uliokaa kwenye kaji unatoa amonia ambayo kwa huyu mdudu ni kama umemfungulia mlango, kwa hiyo kama ukiinamia kaji pua yako inashtuka, ya panya ilishaungua toka jana. Toa unga wa mbao, tia karatasi ao vitambaa vya kufua, badilisha mara nyingi. Kaji iwe mbali na jiko na mbali na dirisha la barabara ya vumbi. Fanya hivi mwezi mzima ndio uamue kama kifua chake ni kibovu kweli, wengine wanatulia nusu yake kwa hiyo tu.

Na angalia kalenda, hii watu wanasahau. Kwetu kiangazi inaanza mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi jekundu linaingia mpaka mu sahani, na mwezi wa sita na wa saba usiku baridi inashuka chini ya digrii 10. Panya ni mdogo, joto linamkimbia haraka, na akiwa chini ya anestezi, ule usingizi wa operasyo, mwili wenyewe hauwezi kujipasha. Kumpasua jike mwenye kifua mu Julai, kuran ya umeme imekatika, ni kutafuta matatizo. Kama ni operasyo ya kuchagua, ngoja mvua zishushe vumbi, ao fanya mapema mbele ya kiangazi kukaa.

Dawa. Mara nyingi dokta anaandika antibiotiki ya doksisiklini, peke yake ao pamoja na nyingine, enrofloksasini, na kwa panya wa kifua mimi ningetaka aanze wiki mbili tatu mbele ya kisu na aendelee baada ya kisu. Doksi iko kila farmasi, na hapo njo hatari inapokaa: kapsuli ya mtu ni miligramu 100. Dozi ambayo inaandikwaka sana kwa panya ni miligramu 5 kwa kilo, kwa hiyo wa gramu 300 anahitaji miligramu moja na nusu. Kapsuli moja ni dozi zaidi ya 60! Ukifungua na kugawa kwa macho juu ya meza umeshamuua ao umempa hewa. Mwambie dokta akuandikie namna ya kuichanganya na seringi ya mililita 1, umbebee ule uzito wa mizani yako. Doksi usiiweke mu maziwa, kalsiamu inaishika haiingii vizuri mwilini. Enrofloksasini kwa watoto wanaokua inaogopewa juu ya viungo, umwambie umri.

Dokta mwenyewe. Tuseme ukweli, huku jirani akiona panya yako anaona mboga, mpuku (panya) wa kukausha ni chakula cha watu tena kitamu, kwa hiyo jitayarishe kuchekwa mara ya kwanza. Chuo kikuu cha Lubumbashi kiko na fakilte ya veterineri, wadokta wa wanyama tuko nao, ila kazi ya kila siku ni mbwa, ng'ombe, mbuzi, kuku. Muulize bila haya: umeshafungua panya? wangapi waliamka? Mtu aliyezoea panya wa maabara anaweza kukufaa kuliko dokta mwenye jina kubwa la mbwa. Uliza usingizi ni wa namna gani. Isoflurani ya kuvuta na oksijeni njo ya kwanza kwa kifua kibovu, juu akianza kupumua vibaya wanapunguza gesi na anaamka. Sindano ya ketamini na ksilazini ikishaingia imeingia, na ksilazini inapunguza pumzi. Inawezekana, panya wengi wamepasuliwa hivyo, lakini uliza kama iko na dawa ya kugeuza ksilazini, na kama hata chupa ya oksijeni haipo, kwa panya wa mapafu mimi ningesema hapana asante, turudi nyumbani. Kwa panya wa chafya tu, mapafu kimya, uzito mzuri, ningefikiria.

Siku yenyewe usimnyime chakula. Wengi watakuambia asile toka jioni kama mbwa, lakini panya hawezi kutapika, na akikaa na njaa sukari inamshuka, kwa hiyo anakula karibu mpaka saa ya kwenda na maji hayatolewi kabisa. Beba chakula anachokipenda cha kumwamshia. Beba chupa ya maji ya moto umeifunga na kitambaa, na siyo mbabula ndani ya chumba kilichofungwa, ile gesi ya makala inaua watu itamuachaje panya. Uliza dawa ya maumivu mbele ya kutoka, meloksikamu ao nyingine ambayo dokta anaijua, usifike nyumbani ukaanza kumvunjia paracetamol yako.

Baada ya hapo usiku wa kwanza alale peke yake, juu ya karatasi nyeupe ili uone damu, kaji ya chini bila ngazi za kupanda. Meno ya panya hayaheshimu uzi, kwa hiyo omba ashonwe ndani ya ngozi na uzi wa kuyeyuka, na uangalie kidonda kila siku mpaka siku ya 7 ao 10. Mwenzake mpole arudi haraka, panya peke yake anasononeka na hata chakula anaacha, na kumtenga juu ya kifua hakusaidii, wote wanaye yule mdudu. Sikiliza mapafu tena asubuhi na jioni kama mwanzo. Kifua kikifungua kelele siku ya tatu, usingoje ya tano.

Kuna hali moja inayovunja yote niliyoandika hapa. Panya jike hana hedhi. Ukiona damu ao usaha chini ya mkia, tumbo linajaa, hataki kula, hayo siyo mambo ya umri wala msimu, kizazi kimeoza ao kimeota kitu, na hapo hata mwenye kifua kibovu anaweza kustahili kisu juu bila kisu anakufa tu. Pesa ya siku hiyo iweke pembeni toka sasa, na namba ya dokta aliyekubali panya iwe mu simu ya kila mtu mkubwa wa nyumba, siyo yako peke yako.