Dizeli Ikimwagika Shambani, Usikimbilie Sabuni

Pampu ya kumwagilia ikivuja usiku kucha, asubuhi unakuta doa jeusi na harufu ya dizeli imetanda. Huku Moshi chini, Mabogini hadi Kahe, wapo wanaomwaga maji ya sabuni ya unga juu yake. Hapo umeisukuma dizeli chini zaidi, au umempelekea jirani kwenye mfereji wake.

Wanaosafisha ni bakteria, na tayari wamo udongoni. Shida yao ni kwamba wanaishi kwenye maji, na dizeli haikubali maji. Baadhi yao hujitengenezea sabuni yao, wakaimega dizeli kuwa matone madogo wanayoweza kuyala. Saponini iliyomo kwenye mkonge, ile inayotoa povu, ina tabia hiyohiyo.

Ila povu bila chakula ni kazi bure. Dizeli karibu yote ni kaboni na hidrojeni. Bakteria wanataka pia nitrojeni na fosforasi. Kipimo kinachotumika sana ni kaboni 100, nitrojeni 10, fosforasi 1. Lita 5 za dizeli zina kaboni kama kilo 3.6, kwa hiyo nitrojeni ni gramu 360, sawa na urea gramu 780 hivi. Usiimwage yote siku moja, itawaunguza bakteria wenyewe: igawe mara nne, kila baada ya wiki mbili. Fosforasi itatoka kwenye samadi iliyoiva.

Kwanza ziba panapovuja na piga tuta kuzunguka doa. Kisha geuza udongo kwa jembe kila wiki ili upate hewa. Uwe na unyevu wa kiasi: ukiufinyanga, ushikamane bila kuchuruza maji. Ule mzito wa mfinyanzi uchanganye na maganda ya mpunga.

Ukitumia maji ya mkonge yenye saponini hiyo, yazimue sana, uyajaribu kwenye ndoo moja ya udongo kabla ya kuyapeleka kwenye doa. Vaa glovu, maana yanawasha (aliyewahi kukata mkonge anajua). Yasifike mtoni: saponini huua samaki.

Oili chafu ya gereji ni habari nyingine. Bakteria hula mafuta, hawali madini ya risasi wala zinki yaliyomo. Hapo usipande mchicha hata harufu ikiisha.

Kwa doa la dizeli, baada ya miezi kadhaa panda maharage 10 kwenye kopo la udongo ule na 10 kwenye udongo safi. Yakichipua nusu tu kwenye udongo wa doa, endelea kugeuza.