Joto la gia boksi: funga sensa kwenye paipu inayotoka, si inayorudi

Wenye Land Cruiser 80 au Prado za zamani zenye gia otomatiki, msiitegemee taa ya A/T OIL TEMP. Ikiwaka, oili imeshapata moto kupita kiasi. Nunua geji ndogo, sensa yake mwambie fundi aifunge kwenye paipu ya oili inayotoka gia boksi kwenda rejeta. Hapo oili imetoka tu kwenye toki konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi kwa oili), ambako joto lenyewe linazaliwa, kwa hiyo namba inapanda mapema. Ukifunga kwenye paipu ya kurudi utasoma oili iliyokwisha kupoozwa. Kuzitofautisha: ukishapanda mlima, gusa zote mbili (haraka, zinaunguza!); ya moto zaidi ndiyo inayotoka.

Lami tupu, nyuzi 80 hadi 95 ni kawaida. Mchangani au ukivuta trela mlima kama Kitonga, ikifika 120 usikaze mguu. Kama ni tope au mchanga, weka low (low range ya 4WD), maana hapo konveta inapunguza kuteleza. Bado inapanda? Simama, weka N, handbreki juu, acha injini ingurume taratibu. Usizime, oili itaacha kuzunguka.

Sensa ya kufunga juu ya paipu kwa klipu husoma chini ya joto halisi, hasa upepo na tope vikiipiga, hivyo izungushie kitu cha kuzuia joto. Na paipu ikiziba, oili haipiti: geji itaonyesha shwari huku gia boksi inaungua.