Kunasa zebaki kabla haijafika kwenye bomba la moshi

Wageni kazini kwenye mtambo wetu wa makaa ya mawe huniuliza kwanza kaboni ya kunasa zebaki inapulizwa wapi. Mimi huwarudisha kwenye makaa. Haya yetu ni ya Powder River Basin, eneo la migodi huko Wyoming, Marekani. Yana klorini kidogo, kwa hiyo zebaki hutoka tanuruni ikiwa mvuke mtupu usioyeyuka majini, na mnara wa kuoshea salfa hauigusi. Ndiyo maana tunanyunyizia makaa chumvi ya bromini kabla hayajasagwa: zebaki ikishikana na bromini, inanasika.

Kisha puliza unga wa kaboni amilishi (kaboni yenye vitundu vingi vya kunasia) kwenye njia ya moshi, kabla ya chujio la mifuko. Angalia joto: likipita nyuzi 175 hivi za Selsiasi, kaboni hushika vibaya. Trioksidi ya salfa, gesi iliyomo kwenye moshi, nayo huipora zebaki nafasi kwenye kaboni; ikizidi, tanguliza kupuliza chokaa.

Kipimo cha zebaki kwenye moshi kikipanda, usikimbilie kuongeza kaboni. Majivu yakijaa kaboni, watu wa zege, wanaoyachanganya kwenye zege lao, hawayataki, maana hunyonya dawa yao ya kutia vipovu vya hewa. Kagua kwanza mipira ya kupulizia kaboni. Mmoja ukiziba, upande mzima wa moshi unapita hivihivi, na hapo hata ukimwaga gunia zima ni kazi bure.