Jinsi ya kuipata Vesta angani kwa darubini ya mkononi

Kati ya asteroidi zote, yaani miamba inayozunguka Jua, za ukanda ulio baina ya Mirihi na Mshtarii, Vesta ndiyo inayong'aa zaidi tukiitazama kutoka duniani. Si kwa sababu ya ukubwa. Kipenyo chake ni wastani wa kilomita 525, na Ceres, kubwa kuliko zote katika ukanda huo, inaizidi karibu mara mbili. Ila uso wa Ceres ni mweusi, hali Vesta hurudisha takriban asilimia 40 ya mwanga wa Jua. Huhitaji teleskopu: darubini ya macho mawili ya 10x50 (inakuza mara 10, lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 50) inatosha, na kwa kazi hii mimi naiona bora kwa sababu inaonyesha eneo pana la anga.

1. Chagua majira. Kila baada ya miezi 16 au 17, Dunia hupita katikati ya Jua na Vesta. Siku hizo Vesta huchomoza Jua likizama na hukaa angani usiku kucha. Kipimo cha mwangaza wake huwa kati ya 5 na 6.5, namba ikiwa ndogo, mwanga ni mwingi. Epuka siku za mwezi mpevu.

2. Andaa ramani. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya anga, andika "4 Vesta". Hiyo 4 ni nafasi yake katika orodha ya ugunduzi: Heinrich Olbers aliiona tarehe 29 Machi 1807, baada ya nyingine tatu. Sasisha data za programu kwanza, maana data za zamani huweza kukupeleka pembeni. Punguza nyota za ramani ziishie kipimo cha 8. Ramani iliyojaa nukta haimsaidii mtu.

3. Zoesha macho giza. Nusu saa, bila simu. Ukihitaji taa, iwe nyekundu na hafifu.

4. Ruka nyota hadi nyota. Anza na nyota angavu unayoitambua bila shaka, kisha sogea kidogo kidogo ukilinganisha na ramani. Darubini ya 10x50 huonyesha duara la digrii 6 hivi, kwa hiyo pima safari yako kwa maduara: moja na nusu kushoto, nusu juu. Egemea ukuta au keti kwenye kiti chenye mgongo; mikono ikitetemeka, nyota hafifu hupotea.

5. Chora. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Usitarajie kuona umbo; Vesta itakuwa nukta kama nyota nyingine, na hakuna darubini ya mkononi itakayobadilisha hilo. Chora duara, weka nyota tatu angavu kwanza, halafu jaza nyingine kwa kufuata pembetatu zinazojiunda. Usiandike jina la Vesta kando ya nukta yoyote. Ukishaamua ni ipi, jicho litaanza kukubaliana nawe hata kama umekosea. Andika tarehe na saa.

6. Rudi usiku wa pili au wa tatu. Chora upya kwenye karatasi nyingine bila kuchungulia mchoro wa kwanza. Kisha ziweke pamoja. Nyota zitakuwa pale pale, nukta moja itakuwa imehama. Katika majira haya Vesta husogea karibu robo digrii kwa siku, yaani nusu ya upana wa Mwezi, na huelekea magharibi, kwa sababu Dunia inaipita kwa kasi. Mawingu yakikuzuia wiki nzima si neno: haitakuwa imefika hata digrii 2, hivyo huenda bado imo ndani ya duara lile lile.

Baada ya kuipata, tazama picha za chombo cha anga cha Dawn, kilichoizunguka kuanzia Julai 2011 hadi Septemba 2012. Tafuta Rheasilvia, shimo la mgongano lenye upana wa kilomita 500 hivi kwenye ncha ya kusini, karibu sawa na upana wa Vesta yenyewe.

Ceres hupatikana kwa mbinu hii hii, ila hukaa karibu na kipimo cha 7, kwa hiyo ramani yake ishuke hadi nyota za 9.