Kuotesha choroko jikoni kwa ajili ya mboga

Choroko, ambazo Wakenya wengi huziita ndengu, ndizo zinazomfaa anayeanza kuotesha chakula ndani ya nyumba. Hazitaki udongo, mbolea wala jua. Zinataka maji, hewa na mtu wa kuzikumbuka asubuhi, mchana na usiku, na huyo mtu ndiye hukosekana.

Nunua choroko nzima za kula, zisizo na vumbi la dawa ya kuhifadhia nafaka. Zile za duka la pembejeo zilizopakwa rangi zimetiwa dawa kwa ajili ya shamba; haziliwi hata zikioshwa mara kumi. Zilizokobolewa au kupasuliwa hazioti, huoza tu. Kama huna hakika na ulizo nazo, tandaza punje 20 juu ya kitambaa kibichi. Baada ya siku 2 zikiwa zimeota chini ya 17, basi hizo ni za kupika kama kawaida.

Kwa chupa ya mdomo mpana ya lita 1, pima nusu kikombe, yaani gramu 100 hivi. Itaonekana kidogo, lakini ukizidisha zitabanana na kuchacha. Chambua mawe na punje zilizobunguliwa, osha mara tatu, kisha loweka kwa vikombe 2 vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Ziache usiku kucha. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa joto, muda wa saa 6 unatosha. Zikishavimba, zipapase kwa vidole. Utakuta chache zimebaki ndogo, ngumu kama changarawe. Ganda lake halipitishi maji, kwa hiyo hazitaota wala kuiva na wenzake, na ndizo zinazovunja watu meno. Zitoe.

Mwaga maji yote, funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chepesi na ubane kwa mpira. Usitumie kipande cha chandarua, maana vingi vimetiwa dawa ya mbu. Egemeza chupa mshazari juu ya bakuli, mdomo chini, ndani ya kabati au chini ya kitambaa. Zikipigwa na mwanga hugeuka kijani na kuingia uchungu.

Kisha suuza mara tatu kwa siku: jaza maji safi, zungusha, mwaga, tikisa mpaka matone yaishe. Hapo kwenye kumwaga ndipo wengi wanapoharibu. Choroko inayoota inapumua na kutoa joto. Maji yakituama, za chini hukosa hewa, huanza kuteleza na kutoa harufu ya uji uliolala. Zikifika hapo tupa chupa nzima, usijaribu kuokoa za juu. Ukisahau kusuuza nako ncha za mikia, yaani mizizi inayochipuka, hukauka na kuwa kahawia.

Pwani, mkia wa sentimita 1 hupatikana kwa siku moja na nusu au mbili. Njombe au Limuru kwenye baridi, ngoja siku 3 hadi 4. Ukiona manyoya meupe mzizini usihukumu haraka: suuza kwanza. Vinyweleo vya mzizi hulala na kutoweka machoni. Ukungu hubaki kama utando ulioshika punje na punje, tena unanuka.

Sasa kuhusu kula mbichi: hatushauri. Joto na unyevu vinavyootesha choroko ndivyo vinavyozalisha Salmonella na E. coli, na vijidudu hivi huweza kuwa kwenye mbegu tangu shambani au ghalani, mahali ambapo usafi wako haufiki. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, mlipuko wa E. coli uliohusishwa na mbegu za uwatu zilizooteshwa uliua watu zaidi ya 50. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee na mwenye kinga dhaifu wasiguse mbichi kabisa.

Kwa mboga ya nazi, kaanga kitunguu, nyanya na bizari, tia choroko na nusu kikombe cha maji, funika dakika 10 hadi 12. Ongeza nusu kikombe cha tui zito, liache lichemke dakika 3. Choroko kavu zingekula mkaa zaidi ya nusu saa. Kwa kachumbari, zitokose dakika 5, chuja, poza, ndipo uchanganye.

Kamulia limau chakula kikishatoka motoni. Choroko kavu karibu hazina vitamini C. Zikiota huitengeneza, lakini moto hupunguza sehemu yake, na vitamini hiyo ndiyo inayosaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Kuota pia hupunguza asidi ya fitiki inayoyashikilia madini hayo. Protini haiongezeki, ingawa wauzaji hupenda kusema hivyo: gramu 100 za zilizoota zina protini kidogo kuliko gramu 100 za kavu, kwa kuwa nyingi ni maji.

Usihamishie njia hii kwenye maharage mekundu. Sumu yake haiishi kwa kuota, lazima yachemke sawasawa hadi yaive. Mtama nao usile machipukizi yake, yana sumu ya sianidi.

Zinazobaki zikauke maji kwanza, kisha ziweke friji kwa siku 3 zisizidi. Asiye na friji aoteshe chupa ndogo ndogo kwa zamu, chupa ya pili ikilowekwa siku ile ile chupa ya kwanza inapopikwa.