Jifunze rangi za mafuta kwa kunakili waokota masazo wa Millet

Kama unataka kuanza rangi za mafuta na hujui ushike wapi, mi nakwambia tafuta mchoro wa watu wakiwa kwenye kazi zao za kila siku uunakili. Wangu ulikuwa ule wa mchoraji Mfaransa Millet wa 1857, wanawake watatu wanaokota masazo, yaani masuke yaliyobaki shambani baada ya mavuno, uko Paris pale kwenye makumbusho ya Musée d'Orsay. Una upana wa kama sentimita 110 na kimo kama 84, we fanya nusu, 55 kwa 42, inatosha.

Nimeuchagua kwa sababu sura karibu hazionekani, wawili wameinama kabisa na nyuso zimeingia kivulini. Na hapo hapo ndo nilipoharibu mara ya kwanza, yule wa katikati nikamtilia jicho, kope, nyusi, maana najua mtu ana macho, mama wa watu akatoka kama kinyago. Kuza picha uangalie: ni bonge la kahawia na kahawia nyingine nyepesi kidogo, basi. Paka unachokiona, unachokijua kiache.

Pakua picha yenye ubora mkubwa, igawe kwa mistari mara 8 kwa upana na 6 kwa kimo, turubai nayo hivyo hivyo, halafu chora chumba kimoja kimoja. Ila kabla ya mistari paka turubai nzima kahawia nyepesi iliyokatwa na tapentaini, ifute na kitambaa, iache ikauke, kwa sababu juu ya nyeupe kila rangi inaonekana nzito, yaani ya giza, kuliko ilivyo na utajidanganya.

Sasa tumia kahawia peke yake, weka mwanga na kivuli tu. Hapa usiwe na haraka, mi nilikaa wiki nzima. Finya macho mpaka vitu vidogo vipotee, utaona kule nyuma marundo ya mavuno, mkokoteni na msimamizi juu ya farasi vyote vimefifia kwenye mwanga, wale kina mama mbele ndo wazito. Ukipaka yule wa farasi kwa nguvu sawa na wao, mchoro umekufa. Ukiona kuna kitu hakikai sawa na hujui ni nini, geuza picha na turubai juu chini, kosa litajitokeza lenyewe.

Rangi tano zinatosha: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu, bluu ya ultramarini na kahawia iliyokolea. Nyeusi achana nayo, bluu na kahawia zinakupa giza zuri zaidi. Kile kitambaa cha bluu kichwani kwa wa kushoto, ukikipaka bluu kama ilivyotoka kwenye tyubu kitapiga kelele, ichafue kwanza na kahawia kidogo. Ujanja wangu: naprinti picha, naifunika plastiki safi, nachota rangi kwenye ncha ya kisu cha paleti naigusisha pale pale, ikipotea ndani ya picha ujue umepata.

Tabaka za chini ziwe na tapentaini, za juu ndo uongeze mafuta ya kitani. Mi nilipindua, chini nikamwaga mafuta juu nikapaka iliyokatwa na tapentaini, miezi michache baadaye anga yote nyufa, kwa sababu chini bado kunacheza na juu kumeshakuwa kugumu.

Fungua madirisha, na vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivirundike kabisa, vinajitengenezea joto na vinaweza kuwaka bila kiberiti, vitandaze nje vikauke au vitie kwenye kopo la chuma lenye maji na mfuniko.

Vanishi subiri kama miezi 6. Nyuma ya turubai andika ni nakala, jina lako na mwaka, saini ya Millet usiiguse.