Draiklina Imefungwa, Perki Bado Iko Chini

Mwaka 1989 niliajiriwa kuendesha mashine ya draiklina pale Ngara, Nairobi. Kila Jumamosi jioni kazi yangu ya mwisho ilikuwa kufungua mtungi wa kuchemshia dawa ya kufulia iliyotumika, kukwangua tope jeusi lililobaki chini, kulijaza kwenye debe na kwenda kulimwaga nyuma ya ukuta. Msimamizi alituambia linakauka lenyewe. Na kweli, juu lilikauka. Nyasi hazikuota tena mahali pale, nasi tukaona ni nafuu kwa sababu hakuna wa kufyeka.

Robo karne baadaye nilirudi palepale na keekee ya kuchimbia udongo, nimevaa glavu. Mashine zilishauzwa kama chuma chakavu, chumba cha mbele kilikuwa duka la simu, na mwenye jengo alitaka kufungua shule ya chekechea ghorofa ya chini. Tulipofika mita moja na nusu, ile harufu tamutamu ilinipiga puani kana kwamba nilifunga kazi jana.

Naandika haya kwa ajili yako uliyenunua, uliyerithi au unayetaka kukodi jengo lililowahi kuwa draiklina, na kwa jirani mwenye kisima kirefu hapo kando. Usiruke hatua ya kwanza, ya kuwahoji wafanyakazi wa zamani, hata kama inaonekana ni porojo.

Kwanza ujue unatafuta nini. Mafundi tuliiita perki. Jina lake kamili ni perkloroethilini, au tetrakloroethilini. Ni kimiminika kisicho na rangi, kinachoyeyusha mafuta bila kuharibu sufu. Lita moja ina uzito wa kilo 1.6, kwa hiyo ikifika kwenye maji ya ardhini haielei kama mafuta ya taa. Inazama, inapita katikati ya maji, na inasimama tu inapokutana na tabaka gumu la mfinyanzi au mwamba usio na nyufa. Hapo inakaa kama dimbwi dogo na kuyeyuka kidogo kidogo kwa miaka mingi. Marekani wameweka kikomo cha mikrogramu 5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Piga hesabu: kijiko kimoja cha chai cha perki kinatosha kuchafua lita milioni 1.6 hadi kiwango hicho. Hayo ni matangi 160 ya lita elfu kumi. Sisi tulimwaga debe. Mwaka 2014 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka perki kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu. Mwishoni mwa 2024 Marekani ilipitisha kanuni ya kuiondoa kwenye draiklina zote ndani ya miaka 10.

Mtafute aliyepiga pasi

Wataalamu wengi huanza na ramani ya jengo, wakagawa sakafu kwa miraba na kutoboa kila mraba. Ni pesa nyingi zinazotupwa. Perki haikumwagika kwa miraba. Ilimwagika kwa mazoea ya watu, na mazoea hayo yako vichwani mwa wafanyakazi wa zamani.

Pale Ngara nilijiona najua kila kitu kwa kuwa niliwahi kuifanya kazi hiyo. Tulitoboa nyuma ya ukuta, tukapata uchafu kama nilivyotarajia. Lakini maji ya kisima cha uangalizi, kile chembamba cha kuchotea sampuli, upande wa pili wa jengo, ambako sikumbuki kumwaga hata tone, yalikuwa machafu zaidi. Siku mbili tukazunguka tukikuna vichwa. Ndipo nikamtafuta mama mmoja aliyepiga pasi hapo hadi biashara ilipofungwa, miaka mingi baada yangu kuondoka. Alikuja, akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatutazama tukitokwa jasho.

"Mwanangu, hapo unachimba bure," akaniambia. "Wewe ulipoondoka, mashine walihamishia huku. Maji ya separeta tulikuwa tukiyamwaga kwenye sinki la jikoni, lile la kuoshea vikombe vya chai."

"Mama, kila siku?"

"Asubuhi na jioni. Nani angeyabeba hadi nje?"

Separeta hutenga perki na maji, lakini maji yanayotoka bado yamebeba perki iliyoyeyuka, na mara nyingine matone mazima. Bomba la sinki lile lilikuwa la udongo wa kuchoma, la zamani, na viungo vyake vilishaachia. Tulipofukua, udongo ulio chini ya kiungo cha tatu ndio ulioifanya mashine yetu ya kupima mvuke ipige kelele.

Kwa hiyo uliza maswali ya mtu anayejua kazi. Mashine ilikaa wapi, na kabla ya hapo ilikaa wapi? Ilikuwa ya zamani, ile ambayo nguo hutolewa mbichi mikononi na kupelekwa kwenye kikaushio, au ile inayofua na kukausha humohumo? Ya kwanza ilidondosha perki sakafuni kila mzigo. Perki ililetwa kwa mapipa, na yalikuwa yanafunguliwa wapi? Filta zilizochakaa ziliwekwa wapi zichuruzike? Tope lilikwenda wapi? Tena uliza bila kumtishia mtu. Mzee akidhani unamtafutia kesi, kumbukumbu yake inafungwa hapo hapo. Mimi huanza kwa kusema nilichomwaga mwenyewe.

Uliza pia kama walitumia perki kweli. Wengine walitumia mafuta mepesi ya jamii ya mafuta ya taa. Hayo huelea juu ya maji, na namna ya kuyasafisha ni nyingine kabisa.

Kupima bila kujidanganya

Perki huruka hewani haraka, na sampuli ikichukuliwa vibaya itakuletea majibu ya kukufurahisha tu. Udongo usiubebe ndani ya mfuko wa plastiki (ambao hata hivyo umepigwa marufuku nchini Kenya tangu 2017). Unatiwa papo hapo kwenye chupa ndogo ya kioo yenye methanoli, unafungwa, unawekwa kwenye barafu.

Maji ya kisima kirefu ndiyo yanayowakosesha watu wengi. Wanachota kwenye bomba la jikoni, maji ambayo yameshakaa siku tatu kwenye tangi la juu ya paa, juani, na sehemu ya perki imeshatoroka. Chota kwenye bomba lililo kisimani penyewe, kabla ya tangi. Acha pampu ifanye kazi dakika 15 kwanza. Kisha punguza maji yawe uzi mwembamba, inamisha chupa ya mililita 40, acha maji yateleze ukutani mwa chupa bila kutoa povu, jaza hadi yavimbe mdomoni, funga. Sasa igeuze juu chini uigonge kwa kidole. Ukiona kiputo cha hewa, hata kidogo kama punje ya mtama, mwaga uanze upya. Maabara iwe imeidhinishwa na KENAS, shirika la Kenya la kuthibitisha maabara, kwa kipimo hicho hasa. Kuwa na idhini ya kupima floraidi na bakteria hakutoshi. Waambie wapime pia trikloroethilini, dikloroethilini na vinili kloridi, kwa sababu perki ikivunjwavunjwa na bakteria hugeuka kuwa hizo, moja baada ya nyingine. Vinili kloridi ni mbaya kuliko perki yenyewe: Shirika la Afya Duniani limeiwekea mikrogramu 0.3 tu kwa lita.

Majibu yakija mabaya, usimwambie jirani achemshe maji. Atakuwa anaitoa perki kwenye sufuria na kuipeleka kwenye mapafu ya anayepika. Dawa ya klorini nayo haifanyi lolote hapa. Chujio la kaboni linasaidia, mradi libadilishwe kwa wakati, lakini jibu la haraka ni kuacha kunywa maji hayo.

Kuna jaribio moja la shambani ninalolipenda. Weka udongo kidogo kwenye chupa ya kioo yenye maji, ongeza chembe ya rangi iitwayo Sudan IV, funga, tikisa. Vaa glavu, rangi hiyo si ya kuchezea. Haiyeyuki kwenye maji, lakini perki huimeza. Kama kuna perki yenyewe, ambayo haijayeyuka, utaona vitone vyekundu vimetulia chini kama mbegu za komamanga. Siku nilipomwonyesha mwenye jengo chupa hiyo, habari ya chekechea iliishia hapo.

Usitoboe sakafu ya asili

Nairobi ina udongo wa aina mbili kubwa. Upande wa magharibi ni udongo mwekundu unaopitisha hewa na maji vizuri. Kusini na mashariki, Industrial Area hadi Embakasi, ni ule mweusi tunaouita blakikotoni, unaovimba wakati wa masika na kupasuka nyufa kiangazi. Chini yake ni miamba ya volkeno: tafu, trakiti, fonoliti. Katikati kuna tabaka za mfinyanzi, na hizo ndizo zinazoizuia perki isishuke hadi kwenye maji ya kina tunayoyavuta kwa pampu.

Niliwahi kuona kampuni moja ikitoboa moja kwa moja kupita mfinyanzi kwa sababu mkataba ulisema mita 30. Dimbwi lililokuwa limetulia juu ya mfinyanzi lilipata ngazi ya kushukia. Kwa hiyo toboa kuanzia nje kuelekea kwenye chanzo, simama unapogusa mfinyanzi, na ukilazimika kupita, weka bomba la nje lililozibwa kwa saruji na bentonaiti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, kwanza. Visima virefu vya zamani visivyozibwa vizuri kandokando ya bomba ni ngazi za aina hiyo hiyo. Kabla ya kuchimba chochote kinachogusa maji, pata ruhusa ya WRA, mamlaka ya rasilimali za maji.

Watu kwanza, udongo baadaye

Kusafisha udongo kunaweza kuchukua miaka. Mvuke unaopanda ndani ya chumba unapumuliwa leo, na zege haliuzuii. Pua nayo huchelewa: unapoisikia harufu, kiwango kimeshapita mbali kile kinachofaa kwa nyumba ya kukaa.

Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Toboa sakafu, chimba shimo dogo chini yake, ingiza bomba la PVC la inchi 4, ziba kandokando, lipandishe hadi juu ya paa mbali na madirisha, na uweke feni ya kunyonya inayozunguka usiku na mchana. Ardhi chini ya sakafu inakuwa na mgandamizo mdogo kuliko chumba, na mvuke unafuata bomba. Ziba pia nyufa na mahali mabomba ya maji yanapopenya. Bandika kwenye bomba mrija wa plastiki uliopinda kama U wenye maji ya rangi. Maji yakilingana pande zote mbili, feni imekufa. Stima ikikatika feni nayo inalala, hivyo betri si anasa.

Udongo wenyewe, kama uchafu uko juu na ni mdogo, uchimbe. Usiingie shimoni bila kupuliza hewa, maana mvuke wa perki ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Udongo huo usiende kwenye jalala la Dandora, wala usimwachie dereva wa lori aliyekuahidi bei nzuri. Ataumwaga kwenye ploti ya mtu anayejazia msingi. Kanuni za taka zinataka mbebaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na hati zake uzihifadhi. NEMA wenyewe washirikishe mapema kupitia mtaalamu aliyesajiliwa. Sheria ya mazingira ya 1999 inawapa nguvu ya kukutolea amri ya kurejesha ardhi, na ni afadhali uende ofisini kwao na mpango wako mkononi.

Ukiwa kwenye udongo mwekundu, visima vifupi vya kunyonya hewa ardhini, hewa ikipitishwa kwenye kaboni, hufanya kazi vizuri. Kwenye blakikotoni utanyonya hadi uzeeke. Maji yaliyochafuka hutiwa pamanganeti, ile dawa ya zambarau, inayovunja perki inapokutana nayo; shida ni kuifikisha ilipo. Njia nyingine ni kuwalisha bakteria kwa mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na maji, au kwa molasi. Mwenye jengo wetu aliposikia molasi alitaka kuleta mitungi ya kulishia ng'ombe amwage mwenyewe. Nilimkatalia. Kama bakteria aina ya Dehalococcoides hawapo, kazi hukwama katikati, na unabaki na dikloroethilini au vinili kloridi uliyoitengeneza kwa pesa yako.

Majibu yakishuka, usiuze jengo wiki hiyo. Perki iliyojificha kwenye mfinyanzi hurudi taratibu ukishazima mitambo. Pima kila miezi mitatu, na usikose kipimo cha baada ya mvua za Machi hadi Mei na cha mwisho wa kiangazi. Vifuniko vya visima vya uangalizi viwe vya plastiki ngumu na kufuli. Vyetu vya chuma viliibwa usiku mmoja vyote vinne, maji ya barabarani yakaingia, na mwaka mzima wa vipimo ukawa hauna maana.